Daraja la Kura Tatu

Kabla ya daraja kulikuwa na kengele.
Ukitaka kuvuka unaipiga pale gatini,
na baba yangu Eilert anaacha supu yake ipoe,
anavaa koti la mpira, anashuka.
Hakuuliza unakwenda kufanya nini ng'ambo.
Mita mia sita za maji
hazitoshi kuficha safari ya mtu.

Alimvusha mkunga, taa ameiuma kwa meno.
Alimvusha fahali wa Sjursen, aliyegoma kushuka,
akarudi naye, akamvusha tena kesho yake.
Bibi aliyemzaa alilala jenezani siku nne
akingoja upepo wa kaskazini umalize hasira,
na baba akawa anampelekea taarifa ya hali ya hewa
kila asubuhi, kofia mkononi.

Ndipo wakaja wenye ramani.
Walitandika daraja mezani, la karatasi,
lenye miti miwili mitatu ya kijani
aina isiyoota kwetu Skarvøya.
Waliosema ndiyo: mia mbili na kumi na wawili.
Waliosema hapana: mia mbili na tisa.
Mama alitumbukiza karatasi yake sandukuni,
akarudi kukaanga samaki.

Nguzo ziliota kama meno ya mtoto,
moja leo, nyingine mwezi ukiisha.
Kwenye ya nne alianguka Asbjørn, miaka kumi na tisa.
Jina lake limechongwa huko chini, usawa wa maji,
mahali wanaposoma wenye mashua tu,
na mashua tumeziuza.

Siku ya ufunguzi mkasi wa waziri ulikuwa butu.
Wakati anahangaika na utepe
baba alipitisha kivuko chini ya daraja, kitupu,
akipiga kengele.
Watu wakadhani ni sehemu ya sherehe.
Wakapiga makofi.

Mimi nilipata kazi ya kibanda cha ushuru.
Kroni thelathini, kwenda na kurudi, miaka kumi na sita.
Nilijua mikono kuliko nyuso:
kidole kilichokatwa cha daktari wa mifugo,
kiganja cha bibi harusi chenye jasho.
Malori yalitoka na meza na vitanda, yakarudi matupu.
"Tutakuja kila Jumapili," walisema wote.
Nilikuwa na kazi ya kuhesabu. Nilizihesabu Jumapili.

Mbweha alivuka majira ya baridi ya kwanza.
Hakulipa.
Nyayo zake zilipita katikati ya barabara, theluji mbichi,
bila haraka, kama mtu aliyealikwa.
Masika yalipofika, vile vibanda vya mbao
ambavyo shangazi Torbjørg huwajengea mabata bahari
vilikuwa na maganda na damu kidogo.
Alikaa kizingitini na mfuko wake wa manyoya, mtupu.
"Na nililipigia kura," akasema.
"Kwa sababu ya magoti."

Lakini usinitume nilitukane daraja.
Usiku kidole tumbo cha mwanangu kilipopasuka
nilikiinua kizuizi kwa mkono wangu,
na dakika kumi na moja baadaye
alikuwa juu ya meza ya daktari.
Dakika kumi na moja.
Kengele ingekuwa bado inalia.

Baba hakulivuka mpaka alipopofuka.
Jioni moja, mkate mkononi, alimgeukia mama
akauliza, yeye asiyeuliza:
"Ile kura, ulipiga ipi?"
"Ndiyo," mama akasema.
"Nilitaka siku moja ule supu ya moto."
Alikaa kimya muda mrefu sana.
Supu ikapoa.

Deni limelipwa sasa. Kibanda kiling'olewa kwa winchi
Jumatano moja, kabla ya chai ya saa nne.
Pale kilipokaa pana mraba wa lami nyeusi kuliko nyingine,
na magari bado hupunguza mwendo yakifika,
hata ya wageni, sijui kwa nini.
Mimi pia.
Mguu wa kulia unakanyaga breki wenyewe,
mkono unapapasa mfukoni.